Merikebu ya Rada Juu ya Subukia: Kuhusu Adabu ya -ngali-

Kila mwanafunzi aliyewahi kuketi mbele ya mwalimu wa sarufi anaijua kanuni hii: -nge- huandamana na -nge-, -ngali- huandamana na -ngali-, na anayezichanganya hukatwa alama. Kanuni yenyewe haina ubaya. Ubaya umo katika sentensi zinazotumiwa kuifundisha. Daktari angalifika mapema, mgonjwa asingalikufa. Mtahiniwa angalisoma kwa bidii, angalipita mtihani. Kizazi baada ya kizazi, mgonjwa yule yule hufia ubaoni, daktari yule yule huchelewa, na darasa huondoka likiamini kwamba -ngali- ni kilio kilichotiwa viambishi. Wahenga nao wameupigia muhuri msimamo huo waliposema kwamba ningalijua huja nyuma.

Makala haya yana rai tofauti. Yanashikilia kwamba -ngali- ni chombo cha uchunguzi kabla ya kuwa chombo cha majuto, na kwamba chombo hicho kina adabu yake ambayo idara za Kiswahili hazijaifundisha. Aidha, yanapendekeza mahali pa kujifunzia adabu hiyo ambapo huenda pakawachekesha baadhi ya wahadhiri: mezani, penye mianzi iliyopasuliwa, magazeti makuukuu na gundi ya unga wa ngano, mahali ambapo mtu anaunda modeli ya chombo ambacho hakikuwahi kuwapo.

Kazi hiyo si ya watoto. Katika Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wazima, wahandisi na walimu miongoni mwao, wanaotumia jioni zao kuunda kwa vipimo vidogo ndege, manowari na magari ya historia mbadala. Mwundaji huchagua njia panda katika historia, mahali ambapo mambo yalikwenda kushoto, kisha huyapeleka kulia na kuuliza: kama ingalikuwa hivi, chombo cha miaka kumi baadaye kingalikuwa na sura gani? Miongoni mwa vyombo vinavyowavutia ni merikebu ya kijeshi ya angani iliyobeba rada. Hicho ni chombo kirefu chenye umbo la tango, kilichojazwa gesi nyepesi kuliko hewa, kinachosukumwa na injini na kukaa angani kwa saa nyingi kikimtafuta adui aliye mbali.

Hata uhalisia uliwahi kukikaribia. Kuanzia mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani lilirusha merikebu nne za aina ya ZPG-3W, zenye urefu wa mita 123 hivi, ambazo antena ya rada ya upana wa mita 12 ilizungukia ndani ya tumbo lenyewe la gesi. Tarehe 6 Julai 1960 mojawapo ilianguka baharini karibu na New Jersey, wakafa watu 18. Kufikia mwaka 1962 jeshi hilo lilikuwa limeachana na merikebu za angani.

Kuhusu istilahi, neno moja tu. Puto huenda linakopelekwa na upepo, na ndege ina mabawa. Kwa hiyo hapa limetumiwa jina merikebu ya angani, na atakayekuwa na bora zaidi alilete. Rada haihitaji mjadala. Vijana wa Nakuru wamekwisha kuitia katika Sheng, ambako kumwuliza mtu rada yake ni kumtaka akueleze mambo yakoje au ana mpango gani. Mashine ya kusakia ndege za adui imekuwa salamu ya mtaani, na hakuna kamati iliyoketi kuipitisha.

Sasa achukuliwe mwanafunzi wa Kiswahili mzaliwa wa Subukia. Wakenya wengi wanapajua mahali hapo kwa sababu ya madhabahu ya kitaifa ya Wakatoliki, Kijiji cha Maria, na wasafiri wa barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu wanapajua kwa mashamba ya mahindi, kwa mteremko mkali na kwa mstari wa ikweta unaopita katika eneo hilo. Mwanafunzi huyu anataka kuunda modeli ya merikebu ya rada iliyofungwa kwenye mlingoti juu ya bonde lao, mwaka 1940. Je, anapoteza wakati? Jibu la haraka ni kwamba anga la Afrika Mashariki halina historia ya vyombo kama hivyo, kwa hiyo anaiga ndoto za watu wengine. Jibu hilo si sahihi.

Mnamo Novemba 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, majeshi ya Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck yalikuwa yamebanwa kusini mwa Tanzania ya leo. Ujerumani iliamua kuyapelekea shehena kwa njia ya anga. Merikebu L59, yenye urefu wa mita 226.5, iliondoka Yambol nchini Bulgaria tarehe 21 Novemba ikiwa na watu 22 na takriban tani 15 za risasi, dawa na vifaa vingine, nahodha wake akiwa Ludwig Bockholt. Ilivuka bahari ya Mediterania, ikaingia Misri, ikaendelea juu ya jangwa hadi Sudan. Tarehe 23, ilipokuwa magharibi ya Khartoum, ilipokea kwa simu ya upepo amri ya kurudi, kwa kuwa mahali palipokusudiwa kutua palikuwa pametekwa. Ikageuka. Ilipotua tena Yambol asubuhi ya tarehe 25 ilikuwa imesafiri kilomita 6,757 kwa saa 95 bila kugusa ardhi. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Jambo la kustaajabisha zaidi katika kisa hiki ni mpango wenyewe wa safari, ambao haukutazamia merikebu hiyo irudi. Ingalifika, ingalichinjwa kama ng'ombe wa harusi, pasitupwe kitu. Ngozi yake ya nje ingalishonwa mahema, kitambaa cha ndani kingalikuwa bendeji, na mifupa yake ya aloi nyepesi ingalisimamishwa kuwa nguzo za simu ya upepo. Wahandisi wa Kijerumani, bila kuwa na habari na sarufi ya Kiswahili, waliunda merikebu nzima katika njeo ya -ngali-. Ipo hata hadithi kwamba amri ya kurudi ilitungwa na Waingereza kwa hila. Hadithi hiyo haina ushahidi wa kutosha, ila imeishi muda mrefu, labda kwa sababu watu hupenda njia panda za historia ziwe na mlango wa siri.

Rada nayo ilifika mapema kuliko inavyodhaniwa. Italia ilipoingia vitani Juni 1940 ikiwa imeishika Ethiopia na Somalia, Kenya ilijikuta mpakani mwa vita, na mwaka huo huo Malindi ilidondoshewa mabomu na ndege za Kiitaliano. Huko Johannesburg, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Basil Schonland na wenzake walikuwa wameunda kwa mikono yao rada walioiita JB, ambayo ilipata mwangwi wake wa kwanza tarehe 16 Desemba 1939. Katikati ya mwaka 1940 mashine hiyo ililetwa kwa meli Mombasa na kusimikwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, iangalie bahari. Mambrui, mji wa misikiti na makaburi ya kale ya Waswahili, ukawa miongoni mwa mahali pa kwanza katika bara zima pa kuwekwa jicho la aina hiyo. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili wanaoweza kuitaja habari hii? Utenzi juu yake uko wapi?

Na kama vita ni mbali mno, yapo ya juzi. Julai 2020 kampuni ya Loon, tawi la Alphabet, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kuwapa wateja intaneti kwa kutumia maputo 35 hivi yaliyoelea kimo cha kilomita 20, yakihudumia eneo la kilomita za mraba karibu 50,000 ambalo Nakuru ilikuwamo. Januari 2021 wenye mradi walitangaza kuufunga, na maputo hayo yakaondolewa. Kwa miezi kadhaa Bonde la Ufa liliishi chini ya vyombo vilivyokuja bila kuitwa na kuondoka bila kuaga. Mwanafunzi wa Subukia, basi, anaota kwa mtaji wa nyumbani.

Adabu ya -ngali- huanza anapochagua njia panda. Ile iliyo nzuri zaidi kwa kusudi lake iko tarehe 5 Oktoba 1930. Usiku huo merikebu ya Uingereza R101, ikiwa safarini kuelekea Bara Hindi, ilianguka karibu na Beauvais, Ufaransa, ikawaka moto, na kati ya watu 54 waliokuwamo wakafa 48. Uingereza ikaufuta mpango wote wa merikebu za angani ulioanza mwaka 1924, uliokuwa umekwisha kusimamisha milingoti ya kuzifungia Ismailia na Karachi. Kama R101 isingalianguka, mpango usingalifutwa. Kama usingalifutwa, yamkini mlingoti mwingine ungalisimamishwa katika nyanda za juu za Kenya. Na kama ungalisimamishwa, Waingereza wangalikuwa na mahali pa kufunga merikebu ya rada vita vilipofika. Kufikia hapa sentensi zinatiririka. Mwundaji hodari wa mikono lakini mvivu wa akili angalianza kupaka rangi.

Hewa, hata hivyo, ina neno la kusema. Subukia iko kimo cha mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kiasi kwamba karibu moja ya tano ya nguvu ya kuinua imekwisha kupotea kabla merikebu haijafunguliwa kamba. Ikipanda mita 3,000 zaidi, nguvu iliyobaki ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani. R101 ilikuwa nzito kuliko ilivyokusudiwa. Merikebu ya uzito wake isingaliweza kuinua hata kiwiliwili chake hadi huko, sembuse rada, mafuta na mabaharia. Kwa hiyo ingalikaa chini, labda mita 500 juu ya bonde. Lakini faida ya kuipandisha rada angani ni kuona mbali: rada iliyo mita 20 juu ya bahari huona kitu kilicho usoni pa maji kwa umbali usiofika kilomita 20, ilhali iliyo mita 3,000 huona zaidi ya kilomita 200. Katika kimo cha mita 500 ndani ya Bonde la Ufa, merikebu ingalikuwa imezungukwa na kuta. Rada za wakati ule zilifanya kazi vizuri juu ya bahari; juu ya nchi kavu zilifurikwa na mwangwi wa milima. Menengai ingalirudisha mwangwi, Nyandarua ingalirudisha mwangwi, ukuta wa Laikipia ungalirudisha mwangwi mkubwa kuliko yote, na ndege ya Mwitaliano ingalipita katikati ya kelele hizo bila kujulikana.

Si hayo tu. Waundaji wengi wa historia mbadala hupenda kuitundikia merikebu sahani kubwa ya kupendeza ya antena. Sahani hiyo huhitaji mawimbi mafupi ya sentimita, na chombo kilichoyawezesha kwa nguvu ya kutosha kilizaliwa maabarani Birmingham mapema mwaka 1940. Hakikuwa bado mikononi mwa watu wa Nakuru. Rada ya Mambrui ilitumia mawimbi ya urefu wa mita tatu na ushei. Merikebu ya Subukia ya mwaka 1940 ingalikuwa na fremu za vyuma vyembamba mfano wa kitanda kilichotolewa godoro. Haivutii macho, ila ndiyo haki. Tena gesi: heliamu isiyoshika moto ilikuwa karibu yote mikononi mwa Marekani, kwa hiyo tumbo lingalijazwa hidrojeni, na chini yake pangalikuwa na mitambo ya umeme mkali inayotoa cheche.

Na mlingoti? Ule wa Cardington ulikuwa na kimo cha mita 60 hivi. Iwapo mwanafunzi ameamua kwamba wa Subukia ulijengwa mapema, tuseme mwaka 1927, basi hana budi kukumbuka tarehe 6 Januari 1928, ambapo tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga papo hapo Subukia na kupasua ardhi kwa makumi ya kilomita. Ndilo kubwa zaidi kupimwa kwa mitambo nchini Kenya. Njia panda ya mwaka 1924 au 1930 haiwezi kulizuia. Matabaka ya ardhi hayasomi magazeti ya London. Ama mlingoti ulianguka ukajengwa upya, ama ulijengwa baada ya tetemeko, ama haukujengwa Subukia kamwe. Mwundaji hana budi kuchagua, na uchaguzi wake sharti uonekane katika modeli: ufa uliozibwa katika saruji ya msingi, kwa mfano, au nyaya za kushikizia zilizoongezwa upande mmoja.

Hapa ndipo tofauti kati ya -ngali- na ndoto inapodhihirika. Ndoto hubadilisha kila kitu kwa pamoja. -ngali- hubadilisha jambo moja, kisha husalimu amri mbele ya mengine yote. Mwanafunzi aliyeanza na merikebu ya kutisha anajikuta na chombo kizito, kipofu nusu, chenye kitanda cha chuma tumboni na hatari ya moto. Na modeli hiyo ni ya maana kuliko ile ya kwanza, maana inaeleza kwa nini historia ilikwenda ilikokwenda na kwa nini rada halisi iliwekwa Mambrui.

Limebaki swali la kipimo, ambalo katika fani hii huonekana kama jambo la rula tu. R101 baada ya kurefushwa ilikuwa na mita 237. Kwa kipimo cha 1:350 modeli yake ina sentimita 68 na hutosha mezani; kwa 1:144 inafika mita 1.65, urefu wa mtu. Wengi huchagua 1:350 kwa sababu ya nafasi. (Hata hivyo, atakayetaka kuweka nyuma yake kipande cha ukuta wa bonde cha mita 500 atahitaji mlima wa karatasi wa mita 1.4, na wenzake wa bwenini watakuwa na maoni.) Lakini katika 1:350 binadamu ana milimita tano, chini ya punje ya mchele. Katika 1:144 anafika kimo cha haragwe, na haragwe laweza kuchongwa likawa na mkono, mgongo na mzigo.

Kipimo huamua nani ataonekana. Picha na modeli za L59 zilizotengenezwa Ulaya huonyesha merikebu peke yake, maridadi, ikielea juu ya Afrika isiyo na mtu. Kumbe chini yake, katika historia halisi, walikuwako wapagazi. Pande zote mbili zilibebesha mizigo mamia ya maelfu ya watu, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Jina la kikosi chao upande wa Waingereza limesalia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi, na mmoja wa watu wa shaba waliosimamishwa katika barabara ya Kenyatta ni mpagazi. Tani 15 za L59 zingalitua, zingalibebwa na nani kutoka pale? Kama shehena ile ingalirefusha vita kwa miezi, miezi hiyo ingalilipwa kwa mabega ya akina nani? Mwundaji wa Berlin aweza kusahau kuuliza. Wa Subukia akisahau, hana udhuru.

Kwa sababu hiyo pingamizi linalosikika mara kwa mara, kwamba kuunda zana za vita ni kuzitukuza, lina nguvu kwa modeli isiyo na watu tu. Ndege za Uingereza zilidondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya miaka ya 1950, na hakuna anayefaidika kwa kujifanya kwamba anga la sehemu hizo halijui vita. Kinachotukuza ni rangi ya fedha inayong'aa juu ya uwanja mtupu. Weka chini ya merikebu mafungu ya vibarua wakivuta kamba, mama aliyesimamisha jembe akitazama juu, karani mwenye daftari la majina, na utukufu huo unapata wa kuuhoji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Kiswahili kinaingiaje? Wahandisi waunde, wanahistoria wabishane, na wanafunzi wa Kiswahili warudi kwenye ngeli zao. Fasihi yenyewe inalijibu nusu. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimpakia Dzombo katika chombo cha kumwangamiza, chombo kikamfikisha katika jamii nyingine kabisa. Kwa hiyo Kiswahili hakina woga wa vyombo vya angani. Lakini Walenisi ni dhihaka na njozi, nayo ina uhuru ambao historia mbadala hainao. Riwaya ya Kiswahili inayochukua mwaka mmoja halisi, ikabadilisha jambo moja halisi, kisha ikayafuata matokeo kwa uaminifu wa mhasibu, ni adimu sana. Nusu ya pili ya jibu haiko vitabuni. Iko Subukia kwenyewe.

Katika Bonde la Ufa -ngali- ni lugha ya kila siku, na si ya mchezo. Mapatano ya 1904 yaliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu kubwa ya bonde hadi Laikipia, ya 1911 yakawahamisha tena kutoka Laikipia, na waliposhtaki, mahakama mwaka 1913 ikajitangaza haina mamlaka. Walowezi wakachukua mashamba. Baada ya uhuru vyama na kampuni za kununua ardhi zikaleta wenyeji wapya, na miaka ya 1992, 1997 na 2007 hadi 2008 watu katika mkoa huo waliuawa na kufukuzwa makwao. Hotuba zilizotangulia machafuko hayo, ukizisikiliza kwa sikio la sarufi, zilijaa -ngali-: wangalibaki kwao, tungalikuwa nayo, wazee wangalikataa. Hakuna aliyetaja njia panda yake ni mwaka gani. Hakuna aliyehesabu nani mwingine angaliathirika. Hakuna aliyekubali kwamba jambo moja likibadilika mengine hubaki yakidai haki yao, kama tetemeko la 1928 linavyodai. Hizo zilikuwa -ngali- zisizo na vipimo, merikebu zisizo na uzito, na zilipaa kwa urahisi.

Mtu hawezi kuwaketisha wanafunzi kutoka pande zote za bonde na kuwaambia waanze na -ngali- ya ardhi. Siku hiyo hiyo kikao kingevunjika. Anaweza kuwaketisha na kuwaambia waanze na merikebu. Wabishane juu ya hidrojeni. Mmoja adai kwamba rada ingaliona, mwingine amwonyeshe Menengai. Mmoja aweke mlingoti Subukia, mwingine amuulize shamba hilo la mlingoti lingalitwaliwa kutoka kwa nani, kwa fidia gani, na karani angaliandika jina la nani. Swali la mwisho litakuwa limeingia lenyewe, limebebwa na modeli, na litakuta watu waliokwisha kuzoea kudaiana ushahidi.

Vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu vina makongamano ya kila mwaka, mashindano ya mashairi na ziara za pwani. Haitavigharimu mengi kutenga meza moja. Mianzi hupatikana, mabua ya mahindi ambayo watoto wa Subukia huyaundia magari na ndege yanafaa kwa mbavu ndogo, magazeti yaliyolowekwa katika gundi ya unga hukauka yakawa magumu kama mbao, na idara ya fizikia iko hatua chache kutoka idara ya lugha ijapokuwa ni wachache wanaozivuka. Ziara ya pwani nayo, badala ya kuishia Fort Jesus, iendelee hadi Mambrui.

Kila modeli iwekwe na kibao chenye maandishi ya Kiswahili sanifu, pande mbili. Upande wa mbele aandike mwundaji yale ambayo yangalikuwa: mwaka wa njia panda, jambo lililobadilishwa, na matokeo yake kwa -ngali- zisizochanganywa na -nge-, ili mwalimu wa sarufi naye asikose chake. Upande wa nyuma aandike yale yaliyokuwa, kwa -li-, pamoja na tarehe na majina. Upande wa nyuma usiwe mfupi kuliko wa mbele. Ukiwa mfupi, modeli irudishwe bwenini ikamaliziwe.